Kuweka kumbukumbu ya kanga za zamani: anzia pembezoni

Kanga ya zamani ikitolewa kabatini, kitu cha kwanza watu hufanya ni kusoma jina, yaani ule msemo uliochapwa juu yake. Wakishacheka au kuguna huikunja tena, na kama yupo mwenye simu basi hupiga picha moja ya yale maandishi. Kwa mtu anayetaka kujua kanga hiyo ilichapwa lini, nani aliiagiza na ilifikaje Pemba, picha ile haimsaidii kitu. Habari hizo ziko pembezoni: kwenye maandishi madogo ya ukingoni, kwenye ncha za pindo (ule mchoro unaozunguka kanga), kwenye upindo ulioshonwa kwa mkono na upande wa nyuma. Ndizo sehemu ambazo mtu hukata akitaka kushona foronya, au huziacha nje ya picha ili kanga "itoke vizuri".

Kazi hii naifanya Wete, Pemba, na vifaa vyangu ni simu ya kawaida, futi ya cherehani, penseli, daftari na kompyuta ya kuazima. Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye kanga za mama yake au bibi yake, au kikundi cha kinamama kinachotaka kuanza hazina yake ya michoro.

Kwanza, jua unatafuta nini

Kabla ya kanga, wanawake wa mwambao walivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba, na marekani. Marekani ilipewa jina la ilikotoka: pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara na Sultani wa mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mzigo, na nguo za Uingereza na India zikaingia kuziba pengo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 ndipo kanga ikashika. Inasimuliwa kwamba wanawake walikuwa wakinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, wakaunga sita kupata nguo moja pana, halafu wafanyabiashara wakaona soko na kuagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mpango ule.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kaniki na marekani zilikuwa ndizo nguo za watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mwanamke aliyeachwa huru alipojitupia doti (jozi ya kanga) ya rangi kali alikuwa anatangaza hali yake mpya. Ndiyo maana ladha ya michoro ikawa inabadilika haraka, na muuzaji aliyeagiza mchoro uliopitwa na wakati alibaki nao dukani. Wachapaji walikuwa mbali, Uingereza, Uholanzi, India, baadaye Japani, lakini aliyeamua mchoro upi utoke na upi ufe alikuwa mnunuzi wa hapa. Unapoweka kumbukumbu ya kanga moja, unaandika sehemu ya maamuzi yale.

Hatua ya 1: Usifue

Kanga ikifika mikononi mwako, iache kama ilivyo. Mkunjo, doa la mafuta ya nazi, harufu ya udi, uzi mweupe ulioshonea tundu, vyote ni ushahidi. Wapo wanaofua kwa heshima, eti wasiipige picha chafu. Mimi nakataa. Kufua kupo, lakini ni baadaye sana, na kanga nyingine hazifuliwi kabisa.

Nawa mikono, ukauke vizuri, vua pete. Tandika shuka safi nyeupe juu ya meza au sakafuni, uikunjue kanga hapo polepole. Ikiwa imeshikana kwenye mikunjo, usiivute.

Hatua ya 2: Zungumza na mwenye kanga kabla hujashika futi

Hii ndiyo hatua ambayo haisubiri. Nguo inaweza kukaa kasheni miaka mingine ishirini, mwenye kuijua huenda asikae.

Usiulize "mwaka gani?" Wazee wetu wengi hawakuzihesabu nguo kwa miaka. Uliza kwa vitu vinavyokumbukwa: alikuwa ameshaolewa? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Ilikuwa kabla ya Mapinduzi au baada? Karafuu mwaka ule zilikuwa na bei? Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Kanga hii bibi ulinunua mwenyewe?"

"Aa, hii sare. Harusi ya mdogo wangu, tulivaa ukoo mzima."

"Na mwenzake kiko wapi?"

"Kile kilikuwa ubeleko. Nimembelekea baba yako mdogo mpaka kikachanika."

Kwa maneno hayo machache una tukio, una njia kanga ilivyopatikana, una sababu ya kipande kimoja kuwa kizima na kingine kupotea, na una kipimo cha umri: baba mdogo alizaliwa mwaka unaojulikana. Andika kwa maneno yake mwenyewe, usiyasanifishe. Akisema "nguo hii wakiita hivi", jina hilo la mtaani liandike lilivyo, kwa sababu mara nyingi mchoro ulikuwa na jina sokoni lisilokuwamo kabisa kwenye maandishi ya kanga.

Tahadhari moja. Majina ya kanga yametumika sana kwa mafumbo: mke mwenza, jirani, wifi. Bibi anaweza kukueleza kwa raha alimvalia nani na kwa nini, na mjukuu wa huyo aliyevaliwa yupo nyumba ya tatu. Kwenye daftari andika "jirani" au "wifi", basi. Jina la mtu halina faida kwa historia ya michoro, na madhara yake unayajua. Ukitaka kumrekodi sauti, omba ruhusa kwanza, na mwambie faili itakaa wapi.

Hatua ya 3: Soma kingo

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Anza na vipimo. Kanga ya kawaida ina urefu wa karibu mita 1.5 na upana wa mita 1 na ushei. Pima pande zote nne, kwa sababu nguo ya zamani huwa imevutika na pande mbili zinazokabiliana hazilingani. Kisha pima pindo: upana wake juu, chini, kushoto, kulia. Mwishowe pima mji, yaani eneo la katikati lililozungukwa na pindo.

Sasa tazama pande mbili ndefu. Hizi kwa kawaida ni kingo za kiwandani: uzi umerudi wenyewe, haufumuki. Pande mbili fupi ni za mkasi, pale doti ilipokatwa vipande viwili na kupindwa. Andika upindo ni wa mkono au wa cherehani, na uzi wa rangi gani. Ukikuta upande mfupi haujapindwa na una nyuzi zinazoning'inia, huenda kanga hiyo haikuvaliwa kamwe. Na ukikuta doti ambayo haijakatwa, nakuomba usiikate. Mtu akikwambia mkasi uko hapa, ufiche.

Pita na kioo cha kukuzia kwenye ukingo mrefu. Mara nyingi kuna herufi ndogo: alama ya mwenye mali, nambari ya mchoro, pengine nchi ilikochapwa. Alama inayojulikana kuliko zote ni "K.H.E. Mali ya Abdulla", ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye watu walimwita Abdulla, na ambaye husemwa ndiye aliyeanza kutia majina kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga ya Urafiki imechapwa Dar es Salaam, katika kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, hivyo haiwezi kuwa kabla ya hapo. Andika alama herufi kwa herufi, pamoja na nukta. Kama nusu imeliwa na upindo, andika nusu hiyo na utie nukta tatu. Usifumue upindo ili kuiona nyingine.

Halafu angalia makosa ya mchapaji. Rangi nyekundu imepanda juu ya nyeusi kwa upana wa punje ya mchele? Kuna mstari mwembamba mweupe pale rangi mbili zilipotakiwa kukutana? Mchoro unapojirudia, maungio yanaonekana wapi? Pindua: rangi imepenya hadi nyuma au imekaa juu tu? Vitu hivi ndivyo vinavyotofautisha chapa mbili za mchoro mmoja. Wakati mwingine unakuta kanga mbili unaapa ni pacha, mji ule ule, jina lile lile, lakini kona ya pindo moja ina kikorosho (umbo la korosho) kinachotazama ndani na nyingine kinatazama nje. Mmoja amemwiga mwenzake, au mchapaji amechonga upya. Bila picha ya kona hutajua kamwe.

Hatua ya 4: Piga picha

Piga kivulini, mchana, mlango umefunguliwa, taa za ndani zimezimwa. Jua la moja kwa moja huua rangi kwenye picha, na kwenye nguo pia. Simu iwe sambamba na nguo, isiinamie upande. Weka rula na kipande cha karatasi nyeupe pembeni, ndani ya picha, ili atakayeitazama ajue ukubwa na aweze kusahihisha rangi. Usitumie vichujio vya kupendezesha.

Picha ninazotaka kwa kila kanga: nzima mbele, nzima nyuma, kona zote nne kwa karibu, mji kwa karibu, jina, alama ya ukingoni, na kila doa, kiraka au tundu. Kwa kanga nzima panda juu ya ngazi au kiti imara, mtu akushikilie. Jina la faili liwe fupi na lisilobadilika utaratibu: WT-014-mbele, WT-014-kona1, na kuendelea. Nambari hiyo hiyo ndiyo ya kwenye daftari na kwenye lebo.

Hatua ya 5: Nakili jina lilivyo

Likiwa na herufi kubwa, andika kwa herufi kubwa. Likiwa limekosewa, kazi yako ni kulihifadhi kosa hilo. Mchapaji wa Manchester au Osaka hakujua Kiswahili, na makosa yake ni sehemu ya hadithi. Tahajia sahihi iandike safu ya pembeni.

Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliyesoma chuoni, yaani madrasa, atazitambua herufi, lakini Kiswahili kwa herufi hizo kina hila zake: sauti za p, ch, v na g hazina herufi zao katika alfabeti ya Kiarabu, kwa hiyo mwandishi huazima iliyo karibu, na mara nyingi irabu hazikutiwa. Neno moja linaweza kusomeka kwa njia tatu. Mpe mzee mmoja asome, kisha mwingine bila kumwambia wa kwanza alisemaje, na uandike wote wawili wakitofautiana.

Hatua ya 6: Kisia umri, lakini tenga vitu viwili

Umri wa mchoro na umri wa nguo ni mambo mawili mbalimbali. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusini, imechapwa tena na tena kwa vizazi. Kisutu kilichonunuliwa juzi Mchangani, mjini Unguja, kina mchoro wa zamani kwenye nguo mpya. Kwa hiyo jedwali langu lina safu mbili, "mchoro" na "nguo", na kila safu ina neno la kueleza nimejuaje.

Kanga za maadhimisho ni rahisi. Ikitaja miaka 20 ya Mapinduzi, imejitaja yenyewe: 1984. Ikiwa na nembo ya CCM, ni 1977 au baada yake. Herufi za Kiarabu peke yake huashiria uzee, ingawa si hukumu.

Kitambaa pia husema. Chukua uzi ambao tayari umechomoka upande wa mkasi, usiukate mwingine, ushike kwa kibano na uuwashe mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Ukiyeyuka na kuacha kipira kigumu, kuna poliesta ndani, na hiyo haiwezi kuwa kanga ya enzi za mama wa bibi yako hata familia ikiapa.

Picha za studio ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Unguja ilikuwa na wapiga picha tangu karne ya 19, A. C. Gomes aliacha kadi nyingi zinazoonyesha wanawake na nguo zao, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Familia nyingi zina picha ya aina hiyo ndani ya albamu, nyuma ina muhuri wa studio na pengine tarehe. Linganisha pindo, usilinganishe rangi. Na hata weusi na weupe wa picha usiuamini sana: filamu na sahani za kioo za zamani hazikuiona nyekundu, kwa hiyo nyekundu hutoka nyeusi, na buluu hutoka imepauka. Kanga ambayo pichani ni nyeusi na nyeupe huenda ilikuwa nyekundu kama damu.

Kama huna uhakika, andika "kati ya" mwaka fulani "na" mwaka fulani. Mwaka mmoja wa kubuni ukishaingia kwenye jedwali, watu watauamini hadi kiama.

Hatua ya 7: Safisha kidogo, hifadhi vizuri

Vumbi kavu liondoe kwa brashi laini sana. Kama lazima ufue, jaribu kila rangi kwanza: dondosha tone la maji kwenye kona, bana kwa kitambaa cheupe dakika chache. Kitambaa kikishika rangi, hapo mwisho, kanga hiyo haiingii majini. Ikipita, tumia maji ya mvua yaliyochujwa (ya visima vyetu vingi yana chumvi) na sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha. Usikamue. Ikaushe kivulini, imelazwa. Usitie wanga, maana wanga ni chakula cha wadudu.

Sasa udi na karafuu. Najua nitagombana na watu hapa. Kufukiza nguo kwa udi ni desturi yetu na mimi nafukiza zangu za kuvaa, lakini moshi huacha utomvu kwenye nyuzi, nao huigeuza nguo njano. Kanga ya kumbukumbu haifukizwi. Karafuu ndani ya kasha sawa, lakini ziwe kwenye kifuko na zisiguse nguo, mafuta yake hutia doa. Zile tembe nyeupe za kabatini mimi sizitumii kabisa. Harufu yake si nzuri kwa mapafu ya anayelala chumba hicho.

Ukiona dalili za wadudu, friza ni dawa bora. Funga kanga kavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, iache kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, usifungue mfuko mpaka ipite siku nzima, vinginevyo unyevu utatua juu ya nguo.

Plastiki ni ya friza tu. Kwa kuweka, ukungu ndio adui wetu mkubwa. Hupenda unyevu unaopita asilimia 65, na hapa hewa huwa juu ya hapo miezi mingi. Nguo inahitaji kupumua. Omba mrija wa karatasi ngumu kwenye duka la vitambaa, uzungushie karatasi ya fedha ya jikoni, juu yake bafta (kitambaa cheupe cha pamba) iliyofuliwa bila wanga. Viringisha kanga, upande wenye rangi ukiwa nje, funika na bafta nyingine, funga kwa utepe wa pamba. Usitumie pini wala gundi ya karatasi. Kama huna mirija, kunja mara chache iwezekanavyo, tia bafta iliyofinyangwa ndani ya kila mkunjo, na ubadilishe mahali pa mikunjo kila mwaka. Kasha la mbao ni zuri, ila livishe bafta ndani kwa sababu mbao hutoa tindikali. Liinue kutoka sakafuni, mchwa hawana adabu.

Masika yakikaribia fungua ukague, na kaskazi ikikausha hewa fungua tena.

Lebo ni kipande cha utepe wa pamba, nambari kwa penseli, kimeshonwa kwa mishono miwili kwenye upindo. Wino huvuja.

Hatua ya 8: Nakala

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa mtu wa nyumba nyingine. Sisi yetu ya tatu iko Unguja kwa ndugu, moto au mafuriko ya Wete hayatavuka bahari. Jedwali lichapishe pia kwenye karatasi. Mwenye kanga mpe ukurasa wake wenye picha, na ukitaka kuonyesha hadharani muulize upya, kwani ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kutangaza.

Atakuja pia atakayesema anaitaka kanga yake aivae harusini Jumamosi. Mpe. Ni yake, na kumbukumbu yote unayo. Muombe tu asiipunguze na asiishonee lesi ukingoni, na ikirudi andika kwenye jedwali tarehe na harusi ya upande gani.